Mkanda Niliouvua Kerende

Nianze kwa kukubali, kwa sababu wengi wenu mmeshaisikia hii habari kutoka kwa kaka yangu Chacha, na Chacha akisimulia huongeza chumvi mpaka chakula hakiliki: ndiyo, suruali ilinianguka mbele ya mama mkwe, ndiyo, ilikuwa siku ya kupanga mahari, na ndiyo, taa ikawaka. Hayo matatu ni kweli. Lile la kwamba nililia si kweli (nilitoka jasho, jasho likapita karibu na macho, basi). Sasa nisikilizeni mimi mwenyewe niliyevaa hiyo suruali.

Kazi yangu mnaijua, na kwa asiyeijua, niko Mwanza, kwenye karakana karibu na bandari, tunakagua maboya ya kuokolea ya meli, na sisemi yale ya kuvaa kifuani, nasema yale makubwa yanayokunjwa ndani ya pipa jeupe pembeni mwa sitaha, ambayo meli ikizama pipa linafunguka, mtungi wa gesi unapuliza, na kabla hujamaliza kusali sala fupi mna hema zima linaloelea, lina sakafu, lina paa la turubai la rangi ya chungwa, ndani kuna maji ya kunywa, biskuti, dawa ya kichefuchefu na taa. Kila mwaka pipa linaletwa kwetu, tunalifungua, tunajaza upepo polepole kwa mashine, tunaliacha saa nzima huku tukisoma kipimo kuona kama linavuja, tunapaka povu la sabuni kwenye maungio, tunapima uzito wa mtungi, tunatoa kila kilichopitwa na tarehe, kisha tunakunja upya na kubandika karatasi yenye sahihi. Sahihi ni yangu. Nahodha akilala usingizi kule ziwani, analalia sahihi yangu, na sisemi hivi kujisifu (najisifu kidogo).

Shida ni kwamba Kerende hakuna meli. Ghati wangu ni wa Kerende, kule Nyamongo kwenye dhahabu, ambako mwanamume akisema ana kazi watu wanataka kuona amepanda nini na amejenga wapi. Baba yake mdogo, mzee Nyamhanga, mtu mmoja mrefu mwenye mdomo usio na pazia, aliulizia habari zangu Mwanza, akaambiwa yule kijana anashinda karakanani na gundi na kiraka anaziba mipira, akarudi nyumbani akatangaza kwamba mtoto wetu anataka kuolewa na mtu wa pancha. Kwa haki yake, gundi ni kweli na kiraka ni kweli. Lakini lile neno lilipita kijiji kizima, likafika kwa baba yake Ghati, mzee Marwa, ambaye ni mpole lakini ni mpole wa kusikiliza watu, akaanza kusita, na wakati huo huo kuna mtu mmoja wa mgodini alishatuma salamu za kutaka kuja kuzungumza. Ghati akanipigia simu akaniambia siku ya kikao imepangwa, nikitoka hapo bila kueleweka yule wa mgodini anaingia. Akasema, "Mwita, siku hiyo waoneshe kazi yako. Wasipoelewa siku hiyo hawataelewa tena."

Mimi nikasikia waoneshe, nikawaonesha.

Pale karakanani kulikuwa na boya la watu kumi, zee, limefeli ukaguzi, linasubiri kukatwa. Kwetu boya lililofeli halitoki nje zima, unalipasua sakafu kwa kisu, msalaba mkubwa, ili mtu asije akaliuza kwa wavuvi wakafa nalo. Nikambembeleza bosi siku mbili, nikamwambia linaenda kuoneshwa tu, litarudi Jumatatu nilikate mwenyewe kwa mkono wangu. Akakubali, akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa, akaniambia nitoe mtungi wa gesi. Nikautoa. Biskuti na maji vilivyopitwa na tarehe nikatoa. Taa nayo tarehe yake ilishapita zamani, ile taa ya ndani yenye betri inayokaa nje ya paa, betri ya kuwaka yenyewe ikiguswa na maji, nikaiacha tu ilipo kwa sababu kwetu kilichopitwa na tarehe ni maiti, na maiti haina haja ya kung'olewa. Hilo nalo liwekeni pembeni, litarudi.

Mzigo ukapanda basi mpaka Tarime, tukalala kwa Chacha pale Bomani, asubuhi tukakodi kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo. Suti sikuwa nayo, nikavaa ya Chacha. Mnamjua Chacha alivyo, tumbo lake linatangulia kuingia mlangoni, basi suruali yake kwangu ilikuwa inatosha mimi na mgeni mmoja, lakini nilikuwa na mkanda, nikaukaza mpaka tundu la mwisho, juu nikavaa koti, ukinitazama kwa mbali ni bwana harusi kabisa.

Tukafika nyumbani kwa mzee Marwa, shikamoo kwa kila mtu, tukaketi uwanjani kwenye viti vya plastiki pamoja na wazee. Mama yake Ghati sikumwona, na sikutakiwa kumwona. Hapa niseme jambo, kwa wale wasio wa kwetu: kwa watu wa kina Ghati mila haichezewi, mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaacha njia, na mkwe akiingia alipo mama mkwe chini ya paa moja wakatazamana, hiyo ni aibu ya kuvunja uchumba, sembuse yeye kuona mwili wako. Nilikuwa najua yote hayo. Nilifundishwa na bibi yangu. Naomba mkumbuke kwamba nilikuwa najua.

Tukaanza kupanga boya uwanjani, na hapo ndipo nikagundua pampu nimeiacha kwenye buti la basi. Chacha akasema usijali, akapanda bodaboda, akarudi na kompresa aliyoazima senta, nyekundu, imeandikwa kwa rangi nyeupe ubavuni herufi kubwa PANCHA HAPA. Mzee Nyamhanga akaisoma kwa sauti, polepole, mara mbili, kama anafundisha ngumbaru. Fundi hajibu, fundi anafanya kazi.

Nikajaza upepo, na jamani, ile ngozi nyeusi iliyolala pale kama ng'ombe aliyechunwa ikaanza kuinuka, ikavimba pande zote, paa la chungwa likasimama, watoto wakarudi nyuma, mzee Marwa mwenyewe akasimama kutoka kwenye kiti. Nikajua nimeshinda. Nikaanza kuhutubia. Nikawaambia wazee wangu, hii mnayoiona si mpira, hii ni nyumba, ni nyumba kamili ya juu ya maji, ina msingi, ina sakafu, ina paa, ina milango miwili, watu kumi wanaishi humu wiki nzima na upepo unavuma na hawafi, na mtu anayethibitisha kwamba nyumba hii haitawaua ni mimi. Nikalirudia hilo neno nyumba, nadhani mara sita. Mzee mmoja akaguna kwa kukubali. Mzee Nyamhanga akakuna kidevu.

Ningeishia hapo leo hii ningekuwa nasimulia habari nyingine. Lakini niliwaambia sasa nawaonesha ukaguzi wenyewe, na ukaguzi wa ndani una sharti: huingii na kitu chochote cha chuma au chenye ncha, si viatu, si funguo, si kalamu, si mkanda, kwa sababu kidude kimoja cha mkanda kikikwaruza sakafu umeua watu kumi ambao hujawahi kuwaona. Ni sharti ambalo sijawahi kulivunja. Boya lilikuwa bovu, la kukatwa Jumatatu, lingekwaruzwa lisingelia, ningeweza kabisa kuingia na mkanda wangu kiunoni na hakuna mtu Kerende nzima ambaye angejua. Lakini mimi najiheshimu. Nikavua viatu, nikatoa funguo, nikavua mkanda, nikauweka juu ya kiti mbele ya watu wote ili waone kazi inavyofanywa kwa nidhamu, nikabana suruali kwa kiwiko, nikaingia.

Nikiwa ndani nawaelekeza kwa sauti namna ya kutafuta matundu kwenye paa (unafunga milango, unakaa gizani, palipotoboka panaonesha nuru), nikasikia ko, ko, ko juu ya turubai. Mvua ya mawe. Mnajua mawe ya kwetu yakiamua, yanapiga mahindi yanalala chini. Nyumba ya bati ilikuwa mbali kidogo, ng'ambo ya uwanja, na wazee wale si wa kukimbia. Nikatoa kichwa, na hapa nilikuwa mimi kwelikweli, nikawaita kwa sauti ya nahodha waingie, nikawaambia hiki kitu kimetengenezwa kwa ajili ya dhoruba. Na wakati mawe yanawapiga vichwani nikawasimamisha mlangoni: viatu, fimbo, mikanda, funguo. Wakatii. Mzee Nyamhanga alivua mkanda huku amefunika kichwa kwa mkono mmoja, nikaona raha ambayo si nzuri kuiona kwa mtu mkubwa.

Akaingia mzee Marwa, akaingia Nyamhanga, wazee wengine wawili, Chacha, shangazi yake Ghati. Mtu wa mwisho aliletwa mbio, mawe yamemkuta nje akitokea jikoni, kajifunika kanga kichwa kizima kwa sababu ya mawe, shangazi akamvuta mkono akamtupa ndani, mimi nikafunga mlango kwa kamba, kwa ustadi, fundo letu la kazi, lile lisilofunguka kwa bahati mbaya. Giza. Kila mtu anahema.

Sasa sakafu ya boya, wapendwa, haijali wewe ni nani kwa nani. Juu ya maji inanyooka, juu ya nchi kavu watu wanane wakikaa, katikati panabonyea, na wote mnateleza taratibu kuelekea katikati, ujitahidi usijitahidi. Nikateleza. Goti langu likagusana na goti la mtu wa kanga. Yule mtu akafunua uso apumue, na hata katika lile giza nikajua, kwa sababu ni uso wa Ghati ulioongezwa miaka. Alikuwa mama yake.

Nikajisukuma kurudi nyuma, nikateleza kurudi mbele. Yeye naye akajisukuma, akarudi. Tulifanya hivyo mara tatu, kimya kimya, watu wawili wanaokimbiana na kukutana pale pale, huku nageuza shingo nitazame pembeni mpaka ikalia. Niliwaza fundo langu, niliwaza kulifungua na kutoka nikapigwe huko nje, nikaanza kulipapasa, na ndipo valvu zikaanza.

Boya likibanwa na uzito, upepo unaozidi unatokea kwenye valvu kwa mluzi mkali, ssssss, na hiyo ni dalili nzuri, ina maana valvu ni nzima, mimi nikiisikia kazini huwa natabasamu. Lakini watu wanane gizani Kerende wakisikia ssssss karibu na makalio yao hawafikirii valvu. Shangazi akasema neno moja, "Nyoka." Hapakuwa na haja ya la pili. Kila mtu aliinuka na kila mtu akaanguka, kwa sababu ile sakafu huwezi kuinukia, wazee wakashikana, mama mkwe akajikuta ameukamata mkono wangu na mimi sikuwa na pa kuupeleka, na nikaogopa watapasua paa mawe yatukute wote. Basi nikafanya kazi yangu. Nikasimama katikati, miguu imepanuka kama tunavyofundishwa, nikainua mikono yote miwili juu, nikasema kwa sauti ya utulivu, "Wazee wangu, tulieni, mimi ndiye fundi."

Mikono yote miwili. Mnakumbuka kiwiko kilikuwa kinashika nini.

Suruali ya Chacha haikuanguka kwa haraka, hilo ndilo linaloniuma, ilishuka kwa heshima, ikatua miguuni. Bado ningepona, kwa sababu kulikuwa na giza, nikainama niivute. Lakini maji ya mvua yalikuwa yameshajaa juu ya paa, yakaifikia ile betri niliyoitangazia kifo, na ile taa maiti, ambayo kwa tarehe yake ilipaswa kuwa kaburini, ikafufuka. Ikawaka nyeupe kabisa, tukaonana wote mpaka meno, na mimi nikiwa nimesimama katikati ya wakwe nimevaa bukta ya mpira wa miguu ya Chacha, niliyoazima pamoja na suti, ambayo nayo (mnanielewa) ilikuwa ya kiuno cha Chacha na ilikuwa imeanza safari.

Tulikaa hivyo, taa inawaka, valvu zinapiga mluzi, mimi nimejikunja nimekumbatia suruali, mpaka mawe yakaisha. Kisha nikahangaika na fundo langu mwenyewe kwa muda mrefu sana.

Nje kila mzee alichukua mkanda wake akaingia ndani ya nyumba bila kunitazama, wakafunga mlango. Chacha akaja akaketi karibu nami, mabega yanamtikisika, akaniambia mficha uchi hazai, nikamwambia aondoke kabla sijamzika. Ghati akaja kutoka jikoni. Sikuweza kumtazama. Akaniambia, "Mwita, nilimaanisha picha. Picha za kwenye simu." Akaketi chini kwenye yale majani yenye barafu, akafunika uso, na sikujua kama analia au anacheka, na nadhani yeye mwenyewe hakujua. Mimi nilijua kitu kimoja tu, kwamba yule wa mgodini labda alikuwa anapiga pasi shati lake muda ule ule.

Wakaniita. Nikavaa mkanda, nikaingia, nikasimama. Mzee Nyamhanga ndiye aliyezungumza, na hakucheka, heri angecheka. Akasema mila inajulikana, mkwe ameingia nyumba moja na mama mkwe, wamekaa wakatazamana, uchumba hapo unakufa. Mzee mwingine akasema lakini ile ilikuwa nyumba au chombo, kwa sababu kama ni chombo mila haikusema. Mzee Nyamhanga akanigeukia. "Mura, kijana, asubuhi ulituambia hii ni nini?"

Nikaelewa nilipofika. Nilikuwa nimesema nyumba mara sita, yenye msingi. Nilikuja kutoka Mwanza na mzigo wa kilo themanini ili nisiitwe kile nilichokuwa naitwa, na sasa njia ya kumpata Ghati ilikuwa moja tu, na ilipita hapo hapo.

"Wazee wangu, niliongeza maneno," nikasema. "Ile si nyumba. Ni mpira uliojazwa upepo kwa kompresa ya pancha. Hauna hata nguzo. Na mimi ni mtu wa kuziba pancha, ila zangu ni za majini."

Mzee Nyamhanga akaegemea kiti chake, nikaona bega lake moja limelegea, ameridhika. Akasema, haya, nyumba tumeiondoa. Bado kuna jambo la kile kilichoonekana.

Mzee Marwa alikuwa anatazama sakafu. Na kutoka upande wa pili wa ukuta, upande wa jikoni, ikaja sauti ya mama yake Ghati, ambayo sikuwa nimewahi kuisikia ikisema sentensi nzima.

"Mimi sikuona kitu. Kulikuwa na giza."

Watu watano waliokuwa mle chumbani walikuwa wameonana mpaka meno ya nyuma. Mzee Nyamhanga alifungua mdomo, akatazamana na kaka yake, akaufunga. Mzee Marwa akainua kichwa, akasema taratibu, "Kama mama mwenye mtoto anasema kulikuwa na giza, kulikuwa na giza. Tuendelee na ng'ombe." Wakaendelea na ng'ombe, na waliongeza beberu mmoja ambaye hawakusema ni wa nini na mimi sikuuliza.

Jumatatu nililikata lile boya. Msalaba niliochora kwenye ile sakafu ni mkubwa kuliko sheria inavyotaka. Taa nikaing'oa, na tangu siku hiyo chochote kilichopitwa na tarehe natoa na betri yake kabisa, kwa sababu nimejifunza kwamba tarehe ikiisha haimaanishi kitu kimekufa, inamaanisha tu huwezi kukitegemea kikae kimya. Na nimeapa sitapeleka kazi ukweni tena, sitaazima suruali ya Chacha tena, na sitainua mikono yote miwili kwa pamoja hata nikiporwa. Lakini mkanda mlangoni bado navua. Sharti ni sharti.

Tulipopeleka ng'ombe, miezi miwili baadaye, mama yake Ghati hakunitokea, kama inavyotakiwa. Alimtuma Ghati na kifurushi cha gazeti, akasema ni zawadi ya mkwe. Nikafungua, ni mkanda, wa ngozi nzito ya ng'ombe, umeshonwa kwa mkono na fundi wa Tarime mjini. Nikaujaribu pale pale. Matundu ya fundi yalikuwa matano na yote yalikuwa mapana kwangu, ila kulikuwa na la sita, limetobolewa nyumbani kwa msumari wa moto, limekaa peke yake mbali na mengine, na lile ndilo lililonikaa kiunoni sawasawa, halikuzidi wala halikupungua.